Shikamoo Isiyoitikiwa

Siku chache zilizopita Ester alinipigia simu asubuhi, nikiwa uani napepeta uwele. "Mama mdogo, mama ametutoka," alisema. Nilimwuliza alikuwa na nani, akasema alikuwa naye yeye, amemshika mkono. Kisha hakuna kati yetu aliyekata simu. Niliona kuku wanakuja kwenye ungo nikawaacha wale. Mama yake Ester, Veronika, hakuwa ndugu yangu wa damu. Tulijuana kwa sababu ya kesi yake moja, mwaka mmoja, nikiwa msichana wa kazi kwenye hoteli ya chakula iliyotazamana na mahakama. Sasa naishi Ikungi, nina wajukuu, na watu waliokuwepo mwaka ule wamekuwa wakiondoka mmoja mmoja. Kila anapoondoka mmoja wao narudi kwenye kile chumba cha ndani chenye pazia. Sirudi kwa kupenda. Naweza kuwa nakoroga mboga au nakunja nguo, nikajikuta nimesimama pale na sahani mkononi, nasikiliza.

Sitaandika jina la kijiji. Mahakama ile bado ipo, na waliomo leo si wale. Itoshe kusema ukitoka Ilongero ukaendelea na barabara ya vumbi, ukapita mashamba ya alizeti na yale majabali makubwa yaliyokaa kama ng'ombe waliolala, unafika. Hoteli ilikuwa ya Bi Mwajuma, mama mnene, mcheshi, aliyeogopa vitu viwili tu, moto wa jiko na watu wa serikali. Mbele palikuwa na mabenchi na meza ndefu ambapo watu wa kesi walikula. Nyuma palikuwa na jiko chini ya mabati, na vyumba viwili vya kulaza wageni waliotoka mbali. Katikati ndiyo hicho chumba cha ndani: meza moja, viti viwili, pazia la kitenge badala ya mlango, na dirisha lililotazama baraza la mahakama moja kwa moja. Humo alikula hakimu. Hakukuwa na amri. Alikuwa mgeni, na mgeni wa heshima hali na watu wengine kwenye benchi, ndivyo tulivyoona sote.

Nataka kumsema kwa haki. Alikuwa mpole. Alitoka mkoa mwingine, mkewe alibaki huko akifundisha shule, na yeye aliishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga yenye vyombo vichache. Hakuwahi kunifokea. Uji ukiungua alikunywa akasema, "Leo umeutia moshi, Rehema, ili nisiwasahau wavuta sigara," nikacheka. Alipenda uji wa uwele uliokamuliwa ndimu. Aliniambia zaidi ya mara moja, bila kuulizwa, "Mimi sijawahi kupokea hata shilingi ya mtu mwenye kesi." Naamini alisema kweli. Nimefikiri sana juu ya hilo na bado naamini.

Kesi ilikuwa ya mirathi. Mume wa Veronika, Yakobo, alikufa na kuacha nyumba, shamba na ng'ombe. Mdogo wake, Danieli, alikwenda mahakamani kuomba awe msimamizi wa mirathi, na katika maombi yake alisema marehemu hakuwa na mke. Alisema Veronika alikuwa mwanamke aliyekaa naye tu, mahari haikutolewa, kwa hiyo hana haki ya kukaa kwenye ile nyumba wala kusema neno. Hawakufunga ndoa kanisani wakati ule, walioana kimila. Wazazi wa pande zote walikuwa wamekufa. Mshenga amekufa. Aliyebaki, aliyekuwepo siku ile mahari inapelekwa, alikuwa mmoja: shangazi yao, yaani shangazi wa marehemu na wa Danieli pia. Huyo mama mzee, kinyume na matumaini ya Danieli, alisema atakwenda mahakamani kusema alichokiona. Danieli akishinda, Veronika na Ester wanatoka ndani ya nyumba. Shangazi akisikilizwa, wanabaki. Hakukuwa na jambo jingine.

Basi kesi ikaanza kupigwa kalenda. Tarehe ikifika, Veronika na Shangazi wanakuja kwa miguu kutoka kwao, wanalala kwetu ili wawahi, asubuhi wanavuka barabara, na baada ya muda mfupi wanarudi. Leo mzee mmoja wa baraza hakufika. Leo jalada limepelekwa Singida mjini. Leo hakimu ana semina. Shangazi alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga vitenge viwili, na kikohozi chake tulikisikia kabla hajafika mlangoni. Kiswahili alikielewa kidogo lakini hakupenda kukisema. Alisema kinamwacha mdomo mkavu. Mimi na yeye tuliongea Kinyaturu. Nilimpa ugali wa uwele na mlenda, akala polepole, akiniuliza habari za watu ambao sikuwajua, kama vile msichana wa kazi lazima ajue watu wote. Nikisema simjui fulani, alisema, "Basi wewe umezaliwa jana," na kuendelea kula.

Asubuhi moja, baada ya kuahirishwa tena, alizunguka nyuma kutafuta choo akakuta manyoya nilikoyatupa. Akaniita. Yalikuwa manyoya ya jogoo wa madoadoa, meupe na kahawia.

"Huyu jogoo namfahamu," alisema.

"Bibi, majogoo wako wengi."

"Huyu alikuwa na kidole kilichokatika mguu wa kulia. Lete miguu."

Miguu ilikuwa bado kwenye beseni. Kidole kilikuwa kimekatika. Jogoo yule alikuwa ameletwa na Danieli jioni iliyopita, kwa ajili ya "kitoweo cha Mheshimiwa," na mimi ndiye niliyemchinjisha na kumpika. Shangazi alicheka hadi kikohozi kikamwinamisha. "Mwanangu Danieli," alisema alipopata pumzi, "ameniibia jogoo akampe hakimu anizibe mdomo. Angalau angeniletea supu." Veronika hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, amejifunika khanga hadi kidevuni, akiangalia ile miguu.

Siwezi kusema nilishtuka. Chakula kililetwa kwa hakimu tangu nilipoanza kazi pale: asali kutoka Itigi, mafuta ya alizeti ndani ya dumu, njugumawe, kuku. Walioleta walikuwa na kesi na wengine hawakuwa nayo. Bi Mwajuma alisema mgeni aliyekuja kwetu asipokula tutaonekana watu gani. Kwetu mgeni anakirimiwa, na hatukuwahi kuambiwa kwamba kuna mgeni ambaye ukimkirimu unamwumiza mtu mwingine. Nadhani hata hakimu alikuwa amejificha nyuma ya ukarimu wetu, akakaa humo kwa raha, kwa sababu humo hapakuwa na fedha.

Siku ninayoisikia hadi leo ilikuwa ya mchana, karibu na mavuno. Danieli alikuwa ndani ya chumba cha ndani na hakimu. Nilikuwa nyuma ya pazia, na sinia ya ugali mikononi, nangoja wamalize kunawa ili niingie.

"Mheshimiwa, yule mzee safari hii anakohoa sana," Danieli alisema. "Hata kusimama ni shida."

"Basi tusimsumbue kumsafirisha," alijibu hakimu. "Tuiweke baada ya mavuno."

"Baada ya mavuno hatakuwepo."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni la kunawia.

"Hiyo ni mipango ya Mungu," alisema hakimu. Kisha akapaza sauti, kwa upole wake ule ule, "Rehema, ukija njoo na chumvi."

Niliingia na ugali, nikarudi, nikapeleka chumvi. Danieli hakuniangalia. Hakimu alisema ahsante. Nimekuwa mtu mzima, nimesikia mambo mabaya zaidi yakisemwa kwa ukali na kwa matusi, na mengi nimeyasahau. Haya yalisemwa kama watu wanaopanga siku ya kwenda mnadani, na hayajanitoka.

Nilimwambia Veronika siku ile ile, alipopita jikoni kuuliza habari za kesi, Bi Mwajuma akiwepo. Sikuongeza neno. Bi Mwajuma aliweka mwiko chini. "Mwanangu, utanifungia biashara," alisema. "Ulisikia nini? Pazia linasema mambo mengi. Mtu anasema mipango ya Mungu, hiyo nayo ni dhambi?" Mimi nilisema nimesikia nilichosikia. Veronika aliuliza jambo moja tu, tarehe imepangwa lini. Nilimwambia ni baada ya mavuno. Alifunga khanga yake vizuri akaondoka, hakunywa hata maji. Bi Mwajuma alinuna hadi jioni, kisha akaniletea kipande cha muwa, akasema, "Kula. Wewe mdomo wako utakuua, lakini leo bado."

Mara nyingi najiuliza ingekuwaje kama nisingesema. Shangazi angebaki kwake, amelala kwenye ngozi yake, na pengine angefika masika. Sijutii kusema. Lakini nimemaliza miaka yote hii bila kupata jibu, na nikikutana na mtu anayesema ukweli hauumizi, namwacha apite.

Tarehe ilifika na alizeti ilikuwa imekwisha kuvunwa. Tuliona kwanza vumbi, kisha mkokoteni unakokotwa na ng'ombe wawili. Kaka yake Veronika alikuwa mbele na fimbo, Veronika pembeni kwa miguu, Ester nyuma amebeba mtungi wa maji. Juu ya mkokoteni walikuwa wametandika godoro, na juu ya godoro alikuwa Shangazi, amefunikwa blanketi, kichwa kimeinuliwa kwa gunia la makapi. Watu walitoka madukani. Aliyekuwa ananyolewa alitoka na nusu ya nywele. Karani wa mahakama akasimama barazani, akatikisa kichwa mapema, kabla hawajasimamisha ng'ombe.

"Mheshimiwa hayupo," alisema. "Amekwenda Singida mjini kikazi. Rudini, mtapewa tarehe."

Veronika alimwangalia kaka yake. Kaka yake alimwangalia karani. Shangazi alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Bi Mwajuma na kitambaa cha kufutia meza, na nyuma yangu, nyuma ya pazia, hakimu alikuwa anakunywa uji niliomwekea muda mfupi uliopita.

"Yupo," nilisema. "Yuko ndani. Anakunywa uji."

Sikupaza sauti, lakini barabara ile ni nyembamba. Bi Mwajuma alisema, "Yesu wangu," ingawa ni Mwislamu. Nilisikia kijiko kikiwekwa mezani. Kisha pazia likasogea, akatoka hakimu, akijifuta midomo kwa leso nyeupe, akapita karibu yangu bila kunigusa, akavuka hadi kwenye mkokoteni. Angeweza kwenda moja kwa moja mahakamani. Hakwenda. Malezi yalimshinda. Alikuwa mbele ya mtu mwenye umri wa bibi yake, na watu wote wanamtazama, kwa hiyo akainama kidogo akasema, "Shikamoo, bibi."

Shangazi alifumbua macho. Akamwangalia. Hakuitikia.

Asiyejua kwetu ataona hilo ni dogo. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mzee anayepewa shikamoo akaiacha ianguke. Hata mwizi anaitikiwa. Hata mlevi anaitikiwa, halafu ndipo anatukanwa. Hakimu alingoja, ameinama vile vile. Akarudia, "Shikamoo." Shangazi akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ndogo, na mtu mmoja akamfasiria hakimu bila kutumwa: "Anasema atakuitikia ukishamsikiliza."

Watu wakaguna. Hakimu alinyooka. Alisema mahakama inaendeshwa kwa Kiswahili, mkalimani wa mahakama leo hakuitwa, na ushahidi hauchukuliwi barabarani. Alisema kwa utaratibu, kama anayefundisha. Mzee Elia alikuwa ametoka kwenye baraza la mahakama akasimama karibu. Mahakama ya Mwanzo siku zile hakimu hakuamua peke yake. Aliketi na wazee wa baraza wawili, watu wa pale pale, na kila mmoja wao alikuwa na sauti kama yake. Mzee Elia alikuwa mmoja wao, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. "Mheshimiwa," alisema, "watu hapa karibu wote wanajua Kinyaturu. Mwapishe mmoja." Hakimu alisema haiwezekani namna hiyo, kuna taratibu.

Shangazi hakungoja wamalize. Alishika ubao wa mkokoteni, akajiinua, Veronika akamwegemeza kifuani, akaanza kusema. Alisema na sisi, hakusema na hakimu. Alisema ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi la kaka yake, baba wa kina Danieli, yeye mwenyewe alikuwepo wakati wanachaguliwa, na alifuatana nao hadi kwa kina Veronika, akala huko, akalala huko, na baadaye ndiye aliyekwenda kumchukua bibi harusi akamleta akiwa amefunikwa. Kisha akamtafuta Danieli kwa macho. Danieli alikuwa ameegemea ukuta wa duka.

"Danieli," alisema, "na wewe ndiye uliyewaswaga. Ulikuwa umeanza kuota ndevu, unajiona mwanaume. Ukamwacha mtamba mmoja akaingia shamba la watu, baba yako akakuchapa mbele ya wakwe. Umesahau ng'ombe, sawa. Na fimbo umesahau?"

Watu walicheka. Hata karani alicheka, akageuza uso. Danieli aliangalia viatu vyake na mkono wake, bila yeye kujua nadhani, ukaenda nyuma ya paja ukapapasa. Ilikuwa wazi kama mchana. Kijiji kizima kilisikia, wenye kesi, wenye maduka, ng'ombe wa mkokoteni wenyewe. Hakimu alisimama hapo hapo, amekunja leso yake mara nyingi hadi ikawa ndogo, akasema yaliyosemwa si ushahidi, hayakutolewa chini ya kiapo wala kuandikwa, na kesi itatajwa tena mkalimani akiwepo. Akaingia mahakamani. Shangazi alirudi kwenye gunia lake la makapi. Nilimpelekea uji, ule uliobaki kwenye sufuria, wenye ndimu. Alionja akasema, "Kumbe ndiyo utamu wenyewe."

Alikufa njiani wakirudi, kabla ya kufika kwenye korongo. Kaka yake Veronika alisema hawakujua. Walidhani amelala kwa sababu kikohozi kilikuwa kimenyamaza, na walifurahi kwamba amepumzika.

Hukumu ilitolewa baada ya arobaini. Ilisema mpingaji ameshindwa kuleta shahidi wa kuthibitisha mahari. Mzee Elia alikataa kutia sahihi. Alisema, mbele ya watu, "Nilimsikia kwa masikio haya. Nikitia sahihi hapa nitakuwa nimeyauza." Mzee mwingine, Athumani, alitia. Jioni alikuja hotelini akakaa kwenye benchi bila kuagiza kitu. Bi Mwajuma alimwuliza, "Na wewe hukusikia, Mzee Athumani?" Akasema alisikia. Akasema, "Lakini yule ndiye amesoma, mama. Akisema hayakusikika kisheria, mimi nani nibishe?" Wawili kwa mmoja, Danieli akashinda. Kulikuwa na rufaa, lakini tulipokuja kujua kwamba kuna kitu kinaitwa rufaa, muda wake ulikuwa umepita.

Mzee Elia alilalamika wilayani, sijui kwa njia gani, na wakaja watu watatu na gari kuuliza. Walikaa kwenye chumba cha ndani, pale pale. Waliita watu mmoja mmoja. Wengi walisema hakimu ni mtu mzuri, hana dharau, hajawahi kuomba kitu. Nikaitwa mimi. Aliyeongoza alikuwa na sauti nzuri, aliniita binti. Aliniuliza kama niliona fedha. Nikasema hapana. Aliniuliza kama nilisikia fedha zikitajwa. Hapana. Basi niliona nini? Nikamwambia nilimpikia jogoo wa Shangazi aliyeletwa na Danieli, nilisikia baada ya mavuno hatakuwepo, nilisikia mipango ya Mungu, nilipeleka chumvi, na siku ya mkokoteni alikuwa ndani wakati karani anasema yuko Singida. Mmoja wao akasema kunywa uji si kosa, na wenzake wakatabasamu. Aliyeongoza hakutabasamu. Aliniuliza, "Una hakika na haya, binti? Kazi ya mtu hii." Nikasema nina hakika. Akaniambia niende. Nilipotoka nilisikia wakiuliza kama kuna chakula, na Bi Mwajuma akanitazama, na mimi nikaingia jikoni nikawapikia, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Walilipia. Hilo nalikumbuka, walilipia kila mtu sahani yake.

Hakimu alihamishwa. Hakufukuzwa wala kushtakiwa; alihamishwa kituo, na watu walisema huko alikokwenda kuna umeme. Siku ya kuondoka alikuja asubuhi, akakaa chumba cha ndani, nikamwekea uji kama kawaida. Hakuninunia. Aliumaliza wote. Alipotoka alisimama mlangoni na begi lake, gari linangoja, akawa kama mtu aliyesahau kitu.

"Rehema," alisema, "siku ile, nilipokuwa nimegeuka naingia mahakamani. Yule bibi aliniitikia?"

Nilijua anachotaka. Neno moja lingemtosha, na hapakuwa na mtu wa kunikanusha.

"Hapana, Mheshimiwa," nilisema. "Hakuitikia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa kitu alichokwisha kukijua. Akaniambia nibaki salama. Sijui alikufa lini, wala kama amekufa. Wakati mwingine nikiamkiwa na vijana njiani naitikia haraka sana, hata kabla hawajamaliza, na wanacheka.

Veronika alitoka kwenye ile nyumba kabla ya mvua. Alichukua vyombo, mbuzi wake wawili, na mlango wa mbele, kwa sababu aliununua mwenyewe kwa alizeti yake. Kaka yake aliung'oa kwenye bawaba, yeye akaubeba kichwani hadi nyumbani kwa kaka huyo. Baadaye alikuja Ikungi, akalima mashamba ya kukodi, akamsomesha Ester. Tulikuwa majirani kwa miaka. Hakupenda kuizungumza kesi. Mara moja tu alikuja msichana msaidizi wa kisheria, amekaa uani kwangu anatuelimisha kina mama, akasema sheria ya ndoa inawatambua mwanaume na mwanamke waliokaa pamoja zaidi ya miaka miwili na kuheshimiwa na watu kama mke na mume. Inadhaniwa ni ndoa, na anayepinga ndiye alete ushahidi. Akasema sheria hiyo ni ya zamani, ya tangu kabla yeye hajazaliwa. Veronika alikuwa anachambua mboga. Aliuliza, "Kwa hiyo hata bila shahidi?" Msichana akasema hata bila shahidi. "Na hakimu anajua hilo?" Msichana akasema hakimu yeyote anajua. Veronika aliendelea kuchambua. Jani zuri na jani bovu aliyaweka pamoja. Nilimwona. Najua alikuwa anamwona Shangazi juu ya mkokoteni, na jua, na barabara yote ile, na safari ambayo haikuwa na haja.

Tulimzika jana, hapa Ikungi, kwenye kiwanja cha Ester. Watu walikuwa wengi. Danieli alikufa zamani, lakini mwanawe mkubwa alikuja na ukoo, alichangia jeneza, alikaa mbele kwa adabu, na mimi sina neno naye. Baada ya nyimbo, mzee wa kanisa alisimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma alipozaliwa, alipobatizwa, shule aliyoishia. Kisha akasoma, "Katika maisha yake, marehemu aliishi na hayati Yakobo, akajaaliwa mtoto mmoja."

Niligeuka kumwangalia Ester. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Walinisihi, mama mdogo," alinong'ona. "Walisema mahakama ilishaamua, tusilete maneno msibani. Nikakubali tumzike kwa amani."

Sikumlaumu. Ana watoto, na ukoo ni ukoo. Lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha kusimama.

"Aliolewa," nilisema.

Mzee wa kanisa akainua macho. "Mama, unasemaje?"

"Hakuishi naye tu. Aliolewa. Mahari ilitolewa, na shangazi wa ukoo alisema mbele yangu."

Mwana wa Danieli aliangalia chini. Mzee wa kanisa aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa koti. Hakuwa na kalamu. Akaangalia huku na huku, na hakuna aliyempa. Basi akakohoa kidogo, akarudia ule mstari kwa mdomo, macho yake yakiwa kwetu: "Katika maisha yake, marehemu aliolewa na hayati Yakobo." Akaendelea hadi mwisho. Kisha akaikunja karatasi, ikiwa vile vile ilivyoandikwa, akaitia mfukoni, na wanaume wakashika kamba za kushushia jeneza.